Anza na kifo: kumtungia shujaa wa kwetu utenzi

Oktoba ikikaribia, walimu wa Kiswahili kuanzia Nakuru hadi Kisumu huanza kusaka shairi la kusomwa Siku ya Mashujaa. Nyingi ya tungo zinazopatikana zinafanana: alikuwa jasiri, aliwapenda watu wake, tumuenzi. Ukiziba jina, huwezi kujua anayesifiwa ni Koitalel wa Wanandi, ni Luanda Magere wa Wajaluo au ni mkimbiaji aliyerudi na medali. Mapenzi ya mtunzi hayana kasoro. Tatizo ni kwamba ameanza na sifa, na sifa hazina mahali pa kushikwa.

Mtunzi wa utenzi wa kishujaa anatakiwa aanzie mwisho. Ajue kwanza shujaa wake alikufa vipi, nani alikuwa karibu, na nini kilibaki pale chini. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, anakumbukwa kwa nini? Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 una beti zaidi ya 200, lakini hata asiyeusoma anajua sindano ya shaba, anajua kitovu, na anajua aliyeidunga ni mwanawe mwenyewe. Anajua pia kwamba Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, mshale uko kwenye uta, na watu wakashindwa kuteka maji wakidhani bado yu hai. Picha hiyo ya maiti inayolinda kisima inafanya kazi kuliko beti kumi za "simba wa vita".

Magere wa Kano, wa ukoo wa Sidho, amejengwa hivyo hivyo. Mwili wake ulikuwa wa jiwe, mikuki ikidunda. Nguvu zilikuwa kivulini. Akaoa mke wa Kinandi, akaugua, akamwambia mkewe achanje kivuli ili dawa iingie, na damu ikatoka. Mke akakimbilia kwao na habari. Vita vilivyofuata, mkuki ulilenga kivuli, na Magere akageuka jiwe. Jiwe hilo linaonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano, na inasimuliwa kwamba wawindaji walilinolea silaha zao ili wapate bahati. Wazee wa pande zote mbili wanalisimulia, ila ukimsikiliza Mnandi, yule mke si msaliti hata kidogo. Ni shujaa wa pili. Mtunzi mwerevu hampiti haraka: ampe beti zake, walau tano, aseme kwa nini alirudi kwao.

Wengi huongeza hapa kisigino cha Achilles, shujaa wa Wagiriki anayesimuliwa kuwa kisigino ndipo pekee alipoweza kuuawa, wakidhani kimo ndani ya Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki. Hakimo. Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector, adui aliyeuawa na Achilles, Achilles akiwa bado mzima, na habari ya kisigino iliandikwa karne nyingi baadaye. Kilichomo ni chaguo: aishi miaka mingi kimya kimya, au afe kijana jina libaki. Akachagua jina. Halafu katika Odyssey, utenzi unaoufuata, akiwa kuzimu, anasema ni heri awe kibarua wa maskini juu ya ardhi kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Kauli hiyo moja inatikisa utukufu wote wa vita vile. Ukiweza, mpe shujaa wako ubeti mmoja wa namna hiyo.

Sasa hesabu. Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, kinachobadilika kila ubeti. Cha nne kina kina cha bahari, kisichobadilika toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ni sawa na nyatiti, zeze la Wajaluo, ambayo nayo ina nyuzi 8: ukilegeza uzi mmoja, kila sikio linajua. Mfano:

Mke wa Nandi mgeni
alichanja kivulini,
ikatoka damu ndani,
siri ikafunuliwa.

Hesabu kwa vidole, usiamini macho. "Mke" ni mizani 2 na "mgeni" ni 3, kwa sababu m yake inatamkwa peke yake. Lakini "mbele" ni 2 tu, mbe-le. "Mtu" ni 2, "nchi" ni 2. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza mizani bila kujua.

Kina cha bahari kichague kabla ya kuandika neno lolote. Wengi hukimbilia -ya au -ni kwa kuwa ni rahisi. Kwa shujaa aliyesalitiwa napendelea -wa, kwa sababu inalazimisha vitenzi vya kutendwa: aliitwa, akazingirwa, akauawa. Ila tahadhari, kina ni silabi nzima. "Aliitwa" linaishia twa, "alichomwa" linaishia mwa, "katajwa" linaishia jwa. Hayo yote hayaendi na wa. Yanayofaa ni kama akauawa, ikafunuliwa, akapokewa, akachukuliwa. Andika pembeni orodha ya maneno 40 ya aina hiyo kabla hujaanza. Likikuishia katikati, utaanza kugeuza maana ili upate kina, na msikilizaji ataona.

Majina ya huku yana mtego wake. Lwanda Magere yana mizani 5, lakini ukiandika Luanda yanakuwa 6; chagua moja na ubaki nalo. Koitalel arap Samoei yanaishia konsonanti mara mbili, na Kiswahili hakiimbi hivyo. Ongeza irabu: Koitaleli ni 5, Arapu Samoei ni 7. Wapo wanaoona hiyo ni dharau kwa jina. Mimi naona ni heshima ya ulimi, mradi jina halisi liandikwe kwenye kichwa cha utenzi.

Koitalel si Magere, na hapa ndipo kazi inakuwa ngumu. Tarehe yake inajulikana: Oktoba 19, 1905, siku moja tu kabla ya tarehe tunayoadhimisha sasa kama Siku ya Mashujaa. Aliwaongoza Wanandi katika upinzani uliodumu tangu 1895, wakati reli ikipita kuelekea ziwani, ambako ilifika Kisumu mwaka 1901. Aliitwa kwenye mkutano wa amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza. Baba yake, Kimnyole, aliyesimuliwa kuwa alitabiri joka la moshi, yaani gari moshi, aliuawa mwaka 1890 na Wanandi wenyewe. Usikiruke kisa hicho ili shujaa apendeze. Bila hicho, msikilizaji haelewi uzito wa kurithi kiti cha baba yake.

Aliitwa kwa amani,
akafika kilimani,
risasi mwake mwilini,
na papo akauawa.

Ukiutaka undani zaidi wa siku ile, utakutana na shajara za Meinertzhagen, na huyo naye alikuwa mwindaji wa sifa. Alichunguzwa mara tatu kuhusu mauaji yale, akasafishwa, kisha akaondolewa Kenya. Baadaye akajulikana kama mtaalamu wa ndege, hadi katika miaka ya 1990 ilipobainika kuwa aliiba vielelezo kwenye makumbusho na kuviandikia tarehe na mahali pa uongo. Kwa hiyo anaposimulia jinsi mkutano ulivyokuwa, muuaji ndiye shahidi. Maneno yake yakiingia katika utenzi, yaweke kinywani mwake, usiyaseme kama msimulizi. Fimbo tatu za Koitalel alizochukua zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006: hicho ndicho "kisima" chako, kitu kilichobaki. Malizia hapo.

Urefu? Kipande kimoja kikisomwa kwa utulivu huchukua kama sekunde 3, hivyo ubeti ni sekunde 12 na beti 60 ni dakika 12. Kwa uwanja wenye jua na hotuba nyingi, zisizidi 40. Desturi inataka ufunguzi wa dua na kuomba karatasi na wino. Beti 3 zinatosha. Kisha nenda moja kwa moja kwenye siku ya kifo, urudi nyuma kwenye ujana, halafu ufike tena pale pale, safari hii msikilizaji akijua anachokipoteza.

Ubeti wa mwisho huweka jina la mtunzi, tarehe na idadi ya beti. Uandike baada ya kuhesabu upya, maana ukikata ubeti mmoja usiku wa mwisho na kusahau kubadili idadi, mzee wa mstari wa mbele atakuwa amehesabu.