Siku moja maishani mwangu: tumeoana, tunasoma, na bumu ni moja

Kila anayejua kwamba mimi na mume wangu wote ni wanafunzi hunirushia swali lile lile: bumu mbili zinaingia chumba kimoja, mnalialia nini? Bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa Serikali wa wanafunzi, ni moja. Mkopo nilipata mimi. Yeye ada analipiwa na kaka yake aliyeko Mpwapwa, na kula ni juu yetu. Wengine hata hawafiki kwenye swali, wameshaamua kwamba sisi ni sogea-tukae. Tumefunga ndoa, cheti kipo, kimelala bahasha moja na vyeti vya shule. (Na sogea-tukae wenyewe wasijione wameponea: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinadhania ipo ndoa pale mwanamume na mwanamke walipokaa pamoja miaka 2 na zaidi na watu wakawajua kuwa ni mke na mume. Waulizeni wanaosoma sheria.)

Hii ni Alhamisi moja ya mwezi wa sita, kama ilivyokwenda.

Saa 10:30 alfajiri. Anayeijua Dodoma kwa jua tu asije mwezi wa sita bila sweta. Upepo unapita chini ya mlango na vumbi lake, na unga wa chapati lazima ufunikwe kanga mbili. Mume wangu anasukuma, mimi nakaanga. Mafuta ni ya alizeti, mama yangu ananitumia dumu kutoka Singida kwa konda wa basi, na bila dumu hilo biashara hii isingekuwepo, maana faida yote ingeishia dukani. Tunakaangia jiko la mkaa nje, kwenye kibaraza. Mtungi wetu wa gesi ni ule mdogo wa kilo 6 na umewekewa sheria: chai, mayai, na mgonjwa.

Saa 12:30 hotipoti iko mgongoni mwa mume wangu kuelekea kwa vijana wa hosteli, ambao wanakula leo na kulipa watakapojaliwa. Mimi naoga maji ya ndoo nusu.

Saa 1:30 asubuhi. Kutoka Ng'ong'ona tunakopanga naenda kwa miguu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, eneo lake linakaribia hekta 6,000, na asiyewahi kufika akisikia "nipo chuo" anadhani unaweza kukatiza kutoka koleji moja kwenda nyingine ukiwa umeshika chai mkononi. Ni safari. Bajaji zipo, lakini nauli ya bajaji kwenda na kurudi ndiyo nyanya na vitunguu vya jioni.

Kipindi cha kwanza nilisikiliza, cha pili nikaandika huku nimefumba jicho moja, cha tatu kikaahirishwa.

Saa 6 mchana. Nimerudi, nachemsha maharage, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka watu walielewe. Kwa anayepewa asilimia zote za mkopo, fedha ya chakula na malazi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku. Ukiisikia hivyo utasema inatosha, hata kwa watu wawili, wakijibana. Tatizo haiji kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, ya siku 60 pamoja, na siku inapoingia kila mtu anajua imeingia: mwenye nyumba anajua, muuza viatu vya mtumba anajua, binamu ambaye hajapiga simu tangu harusi anajua. Laki sita ukiishika kwa mara moja inakudanganya kwamba wewe ni mtu wa laki sita.

Kodi nayo haidaiwi kwa mwezi. Tangu Serikali ilipohamia huku mwaka 2016 na Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, vyumba vimekuwa na wagombea wengi, na mwenye nyumba anayekubali mwezi mmoja mmoja ukimpata mshike usimwachie. Wetu anataka miezi 6. Hosteli za chuo tungekaa, yeye ya wanaume, mimi ya wanawake, tukatembeleana kama wachumba. Tulijaribu mwanzoni. Ilikuwa rahisi kwa pesa na ngumu kwa kila kitu kingine.

Kwa hiyo bumu ikiingia tunaigeuza chakula haraka, kabla haijageuka kitu kingine. Mume wangu anachangishana nauli na majirani, anapanda basi la barabara ya Morogoro hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi, wanarudi na magunia, wanagawana. Kinachofuata ni maharage kwa debe, dagaa, sabuni ya mche, mtungi kujazwa, umeme wa luku. Kinachobaki kinaingia kwenye kibubu cha mbao ambacho hakina mlango, ukitaka kutoa uvunje. Kuanzia wiki ya tatu tunaishi kwa chapati, kwa kompyuta za watu anazotengeneza mume wangu, na kwa kazi yangu ya mchana. Na hatulali njaa. Hilo nalisema kwa majivuno kabisa, kwa sababu nawajua wasio na mke wala mume wanaopokea kile kile ninachopokea mimi, na wiki ya nne wanakuja kugonga mlango wetu wakisema wamepita tu kusalimia.

Saa 8 mchana. Naingia steshenari. Kopi shilingi 100, kuprinti 200, kuskani 500, na malipo yangu ya zamu ni 5,000. Watu wanaiona kazi ya kukaa kivulini na kubonyeza vitufe. Msimu huu wa mwezi wa sita tunapokea makundi mawili kwa pamoja: wa mwaka wa mwisho wanaobaindi tafiti zao huku bado wanaziandika, na waliomaliza kidato cha sita wanaoomba mkopo.

Mzee mmoja aliingia na binti wa dada yake, wametoka Mvumi asubuhi. Amevaa koti zito, mkononi kiroba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa," akanisalimia na kwa Kigogo.

"Mbukwa."

Akatoa fomu ndani ya koti, imekunjwa mara nne. "Binti, hii imeshakwisha. Ni kuirusha tu."

Asiyejua: maombi ya mkopo yanajazwa mtandaoni, halafu fomu inaprintiwa, mwombaji anasaini, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, inaapiwa mbele ya hakimu au wakili, ndipo inaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Cheti cha kuzaliwa nacho lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi. Nikainyoosha fomu juu ya kaunta, nikaipitia, nikaona. Mzee alikuwa amesaini mahali pa mwombaji. Binti amesaini pa mdhamini. Muhuri wa kijiji umetulia pembeni, umeshuhudia yote.

"Mzee, hapa mmebadilishana. Umesaini pa binti."

"Si ni familia moja?"

"Ni familia moja, ila fomu inawataka kila mtu kwake."

"Basi weka ile dawa nyeupe, afute, tusaini tena."

Nikamwambia korekta haiwekwi kwenye karatasi iliyoapiwa. Akaniangalia juu mpaka chini. "Nyie watoto wa steshenari mnatafuta kula. Unataka uprinti upya upate mia mbili mbili zako." Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema polepole, "Nilikuambia, mjomba." Hilo halikusaidia.

Mzee akachukua fomu, akavuka kwenda steshenari ya jirani. Nikahudumia watu wa kopi. Akarudi, maana jirani naye alikataa dawa nyeupe, tena kwa ukali kuliko mimi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akaweka kiroba miguuni, akasema kama anayeniamuru: "Haya, printi."

Kuprinti kunataka kuingia kwenye akaunti. Binti hajui neno la siri. Aliyemfungulia ni kijana wa steshenari ya huko kwao, na kama wanavyofanya wengi, kaweka namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Tukapiga. Haipokelewi. Tukapiga. Inatumika. Nyuma yao foleni imefika mlangoni, kuna kaka wa mwaka wa tatu anataka nakala 3 zibaindiwe jalada gumu na anapumua kwa sauti ili nisikie. Mzee akageuka kumwambia, "Kijana, na wewe ulikuja hapa siku moja hujui kitu." Yule kaka akapunguza kupumua.

Mpigo mwingine, kijana wa Mvumi akapokea. Alikuwa shambani. Neno la siri lilikuwa jina la binti na 123 mbele yake. Nilimwambia binti tulibadilishe pale pale, tukaweka namba yake mwenyewe, nikamwandikia kwenye karatasi, nikamwambia aikunje aiweke anakoweka pesa, asimpe mtu, hata mjomba. Mjomba akacheka, mara ya kwanza.

Nikaprinti. Nikachukua penseli nikaweka alama ndogo: hapa binti, hapa mzee, hapa kijiji, hapa hakimu. Safari ya muhuri inaanza upya na mzee analijua hilo, ndiyo maana hasira ilikuwa imeshuka na kilichobaki ni uchovu. Akaiona pete yangu.

"Umeolewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unasoma?"

"Nasoma. Na mwenzangu anasoma."

"Wazazi wanajua?"

"Mahari walipokea wao, mzee."

"Kiasi gani?"

Foleni yote ikaangua kicheko, hata yule wa jalada gumu. Sikujibu.

Gharama ilikuwa 3,200. Mzee ana 2,000 taslimu. Iliyobaki akajaribu kutuma kwa simu, simu ikasema muamala unashughulikiwa, ikaendelea kusema hivyo. Akainama, akafungua kiroba, akanichotea karanga mbichi kwa kikombe cha plastiki alichokuwa nacho, akajaza, akaongeza, akasema karanga za mwaka huu ni nzuri. Bosi wangu hapokei karanga. Nikatoa 1,200 kwenye hesabu ya zamu yangu, nikaweka karanga kwenye mfuko wa karatasi za A4.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Tulibaindi. Karatasi ikakwama kwenye mashine, nikaitoa vipande. Mtu akaleta flashi yenye virusi. Mtu akataka picha ya pasipoti na hataki kuvua miwani. Giza lilipoingia miguu ilikuwa imevimba kwenye viatu, nikatembea navyo nimekanyaga visigino.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshasonga ugali. Siku hiyo alikuwa amepiga windo, yaani kuweka Windows upya, kwenye laptopu za wanafunzi wawili, mmoja amelipa, mwingine ameacha mashine kama dhamana. Mlenda wetu ni wa kukausha, mama mkwe anatufungia kwenye vitambaa kila akipata mtu anayekuja mjini. Nikazitwanga karanga nusu kwa nusu, nikazitia. Mimi ni Mnyaturu, sihitaji kubembelezwa kula mlenda, lakini mlenda wa karanga ni chakula kingine kabisa, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema kitu.

Kisha daftari. Kila usiku yeye anaandika, mimi nasoma risiti na kukumbuka. Chapati, kiasi hiki, madeni kiasi hiki. Windo. Mkaa. Zamu ya steshenari, 3,800.

"Si 5,000?"

Nikamweleza habari ya mzee. Akafikiri, kalamu hewani. Akasema karanga zilizobaki ziandikwe mapato, 1,200. Nikasema haiwezekani, nilizinunua kwa pesa yangu, hayo ni matumizi. Akasema kama ni matumizi basi tumevuka bajeti ya mboga ya wiki. Nikasema ziandikwe zawadi. Akasema daftari halina safu ya zawadi, na anayetaka safu mpya alete hoja Jumapili. Anasoma kompyuta, lakini angefaa sana kuwa mhasibu wa kanisa.

Tukiwa hapo mama mwenye nyumba akapiga kelele uani, "Maji!" Mtaani kwetu mgao ukifungua usiku haungoji mtu, na matone ya mwanzo ni matope. Vyumba vyote vikafunguka, watu wa kanga, watu wa taulo, kila mtu na madumu yake. Kuna jirani anapenda kuweka dumu tupu mbele ya bomba tangu jioni kama kiwanja alichonunua, na kila mgao tunagombana naye, na tuligombana naye tena. Mume wangu akabeba, mimi nikajaza, pipa likafika shingoni.

Tuliporudi ndani alikuwa ameloa magoti. Akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: KARANGA, MAPATO. Nikamwambia aandike anavyotaka, ila avute kiti chake pembeni, zamu yangu ya kompyuta ilishaanza na sura ya pili ya utafiti naitaka msimamizi wangu aione Jumatatu.