Wiki tatu nikizilaumu ringi

Prado yangu ni ya mwaka 1998, injini 1KZ-TE. Ilichemsha tukipanda mlima wa Kitonga, na wanaozijua injini hizi hapo wameshaguna: nguvu ipo, tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ipo, lakini ikichemsha vibaya mara moja tu, silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, huna. Ikabebwa hadi Dar, injini ikashushwa. Hedi mpya, ringi mpya za pistoni, beringi mpya, na tabo nayo ikafunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa. Sitaji nilicholipa, mke wangu anaweza kusoma.

Siku ya kuwasha ilinguruma vizuri, moshi kidogo tu, tukapeana mikono. Siku ya pili nimekaa kwenye foleni ya Buguruni kama dakika kumi, taa zikaruhusu, nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo sikuona gari la nyuma. Wingu zima la bluu. Kijana wa bodaboda akanisogelea dirishani: "Mzee, leo unapulizia mbu?"

Fundi hakushtuka. "Bosi, ringi hazijakaa. Piga kilomita elfu moja, moshi utakata wenyewe."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinipoteza. Ringi mpya zinahitaji muda wa kusuguana na silinda mpaka zishikane, na katika muda huo injini hula oili kiasi. Lakini moshi wa aina hiyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wangu ulikuwa unaongezeka. Kufika wiki ya pili nilikuwa naongeza lita moja ya oili kila kilomita 300, na sakafuni pa gari hapakuwa na tone lililodondoka.

Kulikuwa na hofu nyingine pia. Hii ni dizeli. Tabo ikivujisha oili upande wa hewa, injini inaweza kuichoma hiyo oili kama mafuta na kukimbia yenyewe. Unazima swichi, haizimiki. Kuizima mpaka uzibe njia ya hewa. Kwa hiyo habari ya kilomita elfu moja nikaiweka pembeni, gari nikaliegesha nyumbani, nikaanza kutafuta mwenyewe.

Kwanza nilitaka kuondoa wasiwasi wa maji, maana hedi ilikuwa imebadilishwa. Asubuhi injini ikiwa baridi nikafungua mfuniko wa rejeta: maji pale pale yalipokuwa. Nikamwambia mwanangu awashe, nikachungulia: hakuna mapovu. Kisha nikashika karatasi nyeupe nyuma ya ekzosi, nusu mita hivi. Mvuke wa maji huilowesha karatasi na ikikauka haiachi kitu. Yangu ilibaki na vidoa vya manjano vyenye utelezi. Oili hiyo. Gasketi ya hedi nikaisamehe.

Zikabaki ringi, vali na tabo. Nikaazima kipimo cha kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) cha dizeli, kile cha kufunga kwenye tundu la plagi za kupashia moto. Silinda zote nne zilisoma kati ya 400 na 415 PSI. Ringi iliyovunjika au kufungwa vibaya ingeangusha silinda moja mbali na wenzake. Nikachomoa pia mpira wa kupumulia injini unaotoka juu ya kava la vali, nikauelekeza kwenye chupa, injini ikiwa inazunguka. Pumzi ilikuwa nyepesi tu, na chupa ilibaki kavu. Ringi zikivuja, pale hutoka mvumo kama wa birika.

Hapo ndipo nilianza kuifikiria ile saa ya moshi. Barabarani kwa mwendo wa kawaida ulikuwa hafifu. Ulikuwa unakuja nikisimama muda mrefu injini ikiwaka, halafu nikakanyaga. Yaani kuna mahali oili inajikusanya gari likisimama, na moto ukipita inaungua kwa mkupuo.

Jumamosi nikafungua bomba la ekzosi linaloungana na tabo. Bolti moja ilinichukua saa nzima na mafuta ya breki. Nikaingiza tochi: feni ya upande wa moshi inang'aa kwa oili, chini yake kuna kidimbwi kidogo cheusi. Nikafungua na manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi kuupeleka kwenye tabo, na hiki ndicho ningemshauri mtu yeyote akiangalie kabla ya kushusha injini mara ya pili. Matundu yote manne yanayotoka kwenye hedi yalikuwa makavu, masizi ya kijivu, kidole kinatoka na vumbi. Oili haikutoka kwenye silinda. Ilianzia kwenye tabo.

Nikampigia fundi. Akasema basi tabo imekufa, kuna ya mtumba mtaa wa Gerezani kwa laki nane. (Yeye hutamka "taabo", na siku ile nilisikia taabu.) Lakini nilipoishika shafti yake haikuwa na mchezo wa kutisha, na feni haikuwa imegusa ukuta. Kwa nini ivuje?

Tabo haina mpira wa kuzuia oili kama wengi tunavyodhani. Shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ingeuchoma mpira huo papo hapo. Ina ringi ndogo za chuma kila upande, na hizo hufanya kazi iwapo tu oili inaondoka haraka. Oili huingia juu kwa presha kupitia bomba jembamba, na hutoka chini kwa uzito wake tu, kupitia bomba nene la kurudi kwenye injini. Ukiziba hilo la chini, oili inajaa ndani kama sinki lenye mabaki ya ugali, na njia pekee iliyobaki ni kupitia zile ringi.

Nikalala chini ya gari na tochi. Pale bomba la kurudi linapofungwa kwa nati mbili chini ya tabo, kuna uzi mwekundu umejitokeza pembeni. Silikoni. Gasketi ya chuma haikuwepo. Mtu aliona silikoni inatosha, tena akaipaka kwa ukarimu. Na iliyofinywa ikatoka nje ujue nyingine kama hiyo imefinywa ikaingia ndani. Nilipolishusha bomba, tundu la kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki la kupitisha kalamu, na kipande kimoja kinaning'inia kama ulimi.

Nilimpelekea fundi kile kipande kwenye kiganja. Alikitazama, akamwita kijana wake, akamwonyesha bila kusema neno, kisha akanitafutia gasketi mwenyewe na hela ya ufundi hakuidai. Tulikwangua silikoni yote, tukapuliza bomba kwa hewa, tukabadilisha na oili, kwa sababu huwezi kujua vipande vingapi vilishashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Moshi haukukata siku hiyo, na nilikaribia kukata tamaa mimi. Ekzosi na silensa vilikuwa vimelowa oili ya wiki tatu, lazima iungue iishe. Jumapili alfajiri nikaelekea Chalinze. Hadi Kibaha nilikuwa naendesha pembeni kwa aibu, nimeacha wingu nyuma. Baada ya Mlandizi likaanza kuwa jepesi. Chalinze nikala mishikaki, nikaliacha gari likiwaka dakika kumi makusudi, nikamwomba mtu akanyage mafuta huku mimi nimeshika karatasi yangu nyuma.

Ilibaki nyeupe, ina masizi kidogo ya dizeli.