Daftari la saa zangu za usiku

Kazi yangu ya kwanza hapa Houston, jimbo la Texas, Marekani, ilikuwa kutunza wazee wanne katika nyumba moja ya kulelea wazee. Zamu ya usiku, saa 1 jioni mpaka saa 1 asubuhi, siku tano kwa wiki, dola 11 kwa saa. Piga hesabu: saa 60. Lakini kila Ijumaa hundi ilikuja na saa 40. Zile 20, mwajiri alisema, ni za kulala. "Si nimekuwekea kochi, mwanangu? Nani analipwa kwa kulala?"

Mwajiri mwenyewe ni mwenzetu wa Afrika Mashariki. Tulimwita mama. Ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kupanda basi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo kwa mwaka mzima. Utamdaije mtu aliyekupa chakula?

Kochi lilikuwepo, kweli. Lakini bibi wa chumba cha kwanza ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na babu wa chumba cha mwisho alibonyeza kengele saa 8 usiku, halafu saa 9 na nusu, akimuita mkewe aliyekwisha kufariki. Nilimshika mkono mpaka atulie. Nikirudi kwenye kochi, ni zamu ya bibi tena.

Nilikuwa na tabia ya kuandika. Daftari la shule la kurasa 70, kila usiku mstari mmoja: tarehe, nimeingia saa ngapi, nimetoka saa ngapi, nani kaamka. Sikuliandika kwa ajili ya kesi, niliandika ili nisichanganye dawa. Ndilo lililoniokoa.

Aliyenisukuma kwa wakili ni kaka mmoja tunayesali naye, dereva wa malori, aliyewahi kudai mshahara wake. Alinionya mambo mawili. La kwanza, mtu mwenye kibao cha "notary" (mthibitisha saini) mtaani si wakili, hata akijua kujaza fomu zote za dunia. Jina la wakili wa kweli wa Texas unalitafuta kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo, State Bar of Texas, unaona leseni yake na kama amewahi kuadhibiwa. La pili, muulize anatetea wafanyakazi au waajiri. Wote hujiita mawakili wa kazi.

Niliogopa pesa. Nikakuta wakili wa kesi za mishahara mara nyingi hadai kitu mwanzoni: anachukua asilimia ya kitakachopatikana, na mkishindwa hachukui ada. Mkataba huo lazima uwe wa maandishi. Usome jikoni kwako bila haraka, na uulize swali hili: asilimia yako inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama za mahakama? Na mkishinda, sheria inamtaka mwajiri alipe ada ya wakili wako.

Wakili niliyempata alipolifungua daftari langu alikunja uso. Nilikuwa nimeandika saa zetu za Kiswahili, "saa 1 hadi saa 1", na kengele ya babu "saa 8". Yeye alisoma saa 1 ya kwao, mchana. Nilitetemeka nikidhani ushahidi wote umekufa. Tulikaa tukageuza ukurasa mmoja mmoja, mimi nikisoma, karani wake akiandika upya. Nawaomba ndugu zangu, andikeni saa zenu kila siku, na juu ya ukurasa wa kwanza elezeni ni saa za namna gani. Kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri. Asipotunza, mahakama inaweza kupokea hesabu yako wewe.

Kisha wakili akanieleza sheria ya Marekani ya mishahara na saa za kazi, ya mwaka 1938. Ukizidisha saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Na zamu ikiwa chini ya saa 24, ukiwa kazini, hata ukiruhusiwa kulala, saa zote ni za kazi. Kwa hiyo zile saa 20 zangu zilikuwa dola 16.50 kila moja, yaani dola 330 kila wiki. Mahakama inaweza kuamuru deni hilo lilipwe maradufu.

Hakuniuliza makaratasi ya uhamiaji. Mwenye karatasi na asiye nayo, saa alizokwisha kuzifanyia kazi ni haki yake kulipwa, na uliyomwambia wakili ni siri yake. Wapo wengi wetu wanaoibiwa kwa sababu tu hawakuambiwa hilo.

Wiki ileile barua ya wakili ilipomfikia mama, zamu zangu zikashuka kutoka tano hadi mbili. Kulipiza kisasi nako ni kosa, na wakili akaliongeza kwenye madai. Miezi tisa baadaye tulisuluhishwa. Kiasi sitakitaja, mkataba wa suluhu haunipi ruhusa.

Ninalolilia mpaka leo ni la dada niliyepokezana naye zamu. Alianza kazi pale muda mrefu kabla yangu, naye akikatwa vilevile. Katika kesi hizi kila mfanyakazi anaingia kwa saini yake mwenyewe, na unaweza kudai miaka miwili tu nyuma, mitatu kama mwajiri alikiuka kwa makusudi, ikihesabiwa tangu karatasi yako yenye saini ifike mahakamani. Nilimpelekea karatasi hiyo ya kusaini siku ya kwanza. Akasema, "Ngoja kwanza, tumuombee mama." Alisaini mwezi wa nane tangu siku ile. Katika miezi hiyo, kila Ijumaa iliyopita ilifuta wiki moja ya zamani katika deni lake, dola 330 zikaondoka, na hakuna jaji anayeweza kumrudishia.