Tone la kwanza: kuzielewa rangi za akriliki za chupa ya matone

Kabla ya kuweka rangi ya modeli zako za plastiki kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), dondosha tone moja juu ya tishu nyeupe ulitazame. Likiwa chepechepe kama maji ya kusuuzia brashi, au likizungukwa na pete ya majimaji yasiyo na rangi, chupa haijatikiswa vya kutosha. Tone hilo usilitumie.

Ndani ya chupa kuna chembe za rangi, gundi ya akriliki na maji. Chembe ni nzito kuliko vingine, kwa hiyo chupa ikikaa rafuni huzama na kujibana kitakoni. Ukiigeuza na kuminya bila kuitikisa, kinachotangulia kutoka ni gundi na maji. Matokeo yake kwenye modeli ni rangi inayoonyesha plastiki chini yake, na inayong'aa hata kama lebo inasema haing'ai. Hasara kubwa zaidi huonekana miezi baadaye: kila mara ulipomimina majimaji hayo ya juu uliiondolea chupa gundi yake, na rangi iliyobaki inakuwa nzito, ya chokaa, inayofutika kwa kidole. Chupa ya namna hiyo haiponi kwa kuongezewa maji, maana kilichopungua ni gundi. Matone machache ya midiamu (gundi ya akriliki isiyotiwa chembe za rangi) ya mtengenezaji yuleyule huisaidia kiasi.

Kwa chupa inayotumika kila wiki, dakika moja ya kutikisa kwa nguvu inatosha. Iliyokaa miezi inahitaji dakika mbili au tatu, huku ukigonga kitako chake kwenye kiganja ili tope la chini liachie. Goroli mbili za milimita 5 hivi ndani ya chupa hurahisisha kazi kuliko kitu kingine chochote, ila ziwe za kioo au za chuma cha pua, daraja la 316 likipatikana. Goroli za chuma cha kawaida hushika kutu kwenye rangi ya maji, na nyeupe ndiyo huonyesha kwanza kwa kugeuka rangi ya chai. Kuzitia ndani, ng'oa mdomo wa chupa kwa kuuvuta huku ukiuinamisha upande, na uufunike kwa kitambaa kwa sababu huruka ghafla. Watengenezaji wengine huziweka kiwandani. Tikisa kidogo na utazisikia.

Mdomo ukiziba, usiminye kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo mdomo mzima hufyatuka na mililita 17 kumwagika mezani. Usichomeke pini kutoka juu pia, kwa kuwa unasukuma donge likaanguke ndani na wiki ijayo litarudi palepale. Ng'oa mdomo, lisukume donge kutoka ndani kwenda nje, suuza kwa maji ya uvuguvugu, kisha urudishe. Kuzuia ni rahisi zaidi: ukishadondosha, simamisha chupa wima, iachie ivute hewa ili rangi iliyobaki mdomoni irudi ndani, futa ncha kwa tishu, ndipo ufunike. Tone likitoka na povu, inamisha chupa taratibu na usubiri sekunde chache hewa ipande nyuma kabla ya kuminya. Povu likipasuka hurusha vitone vidogo hadi kwenye kazi iliyokwisha kauka.

Faida kubwa ya chupa hizi kuliko vikopo ni kwamba tone ni kipimo. Tone moja ni kama mililita 0.04 hadi 0.05, hivyo chupa ya mililita 17 hutoa matone kati ya 340 na 425. Kijani cha matone 6 kwa matone 2 ya manjano utaweza kukirudia mwakani, ukikiandika. Kuna sharti hata hivyo: shika chupa kwa mwinamo uleule, na usilinganishe matone ya kampuni mbili. Upana wa mdomo hubadilisha ukubwa wa tone, na rangi nzito hutoa tone tofauti na ile nyepesi. Soma pia namba ya lebo kabla ya kununua. Kwa rangi za kampuni ya Vallejo, namba inayoanza na 70 ni Model Color, ya brashi. 71 ni Model Air, iliyokwisha lainishwa kwa kupulizia. 72 ni Game Color. Majina ya rangi hufanana sana kati ya mistari hii, na anayenunua kwa jina peke yake huishia na uzito asioutaka.

Rangi hizi hukauka kwa maji kuondoka. Vijitone vya gundi husogeleana, hushikana na kuwa ngozi moja ya plastiki, na ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji. Lakini haiingii ndani ya plastiki ya modeli. Imelala juu yake tu. Kwa hiyo praima, yaani rangi ya msingi inayoshika plastiki, si hiari. Osha vipande vikiwa bado kwenye fremu zake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kutoa mafuta ya kiwandani, viache vikauke, kisha weka praima kwa tabaka nyembamba na usubiri saa 24. Mtu akilalamika kwamba rangi imebanduka pamoja na tepu, mara nyingi kosa lilifanyika hapa, siku mbili kabla ya tepu kuguswa.

Kwa brashi, anza na matone 2 ya rangi kwa tone 1 la maji, na uilaze kwenye paleti yenye unyevu: kisanduku kifupi, sponji iliyoloa, na juu yake karatasi ya kuokea. Karatasi yenye nta haifai kwa sababu haipitishi maji. Sponji iwe imeshiba bila maji kuogelea juu. Ukiona rangi inatambaa yenyewe hadi pembeni, punguza maji. Unapotaka rangi nyepesi sana, acha maji na utumie midiamu. Maji mengi huitawanya gundi mpaka ngozi isishikane vizuri, na chembe hukimbilia kingoni mwa tone na kuacha madoa ya duara.

Tabaka la kwanza litakuwa na michirizi na mapengo. Liache hivyo. Hamu ya kulirekebisha likiwa nusu kavu ndiyo inayoharibu nyuso nyingi kuliko kosa lingine lolote la brashi, kwa kuwa ngozi iliyoanza kushikana huchanika na kujikunja, na kovu hilo huonekana hata chini ya tabaka tano. Pitisha brashi mara moja kwa mwelekeo mmoja, subiri dakika 15 hadi 20, kisha rudia. Mbili au tatu zinatosha kwa rangi nyingi. Nyeupe, manjano na nyekundu ni wabishi, hasa juu ya praima nyeusi. Tanguliza rangi ya pembe ya ndovu chini ya nyeupe, ya waridi au kahawia isiyokoza chini ya manjano, na kahawia nyekundu chini ya nyekundu. Kumbuka pia kwamba gundi ikiwa mbichi ni ya maziwa na ikikauka huwa angavu, kwa hiyo rangi kavu hukoza kuliko ile uliyoiona ikiwa mbichi. Linganisha sampuli zikiwa zimekauka.

Bunduki ndogo ya kupulizia ina ukali wake. Model Color hutaka tone 1 la rangi kwa 1 au 2 ya thina (kimiminika cha kulainishia rangi) ya kampuni yenyewe. Tangulia kuweka thina kwenye kikombe, ndipo rangi, ili rangi nzito isikimbilie kwenye sindano kabla haijachanganyika. Kipimo cha macho: sukuma mchanganyiko juu ya ukuta wa kikombe, unapaswa kuteremka kama maziwa na kuacha utando mwembamba. Kwa pua ya milimita 0.3, shinikizo la psi 15 hadi 20 (baa 1 hadi 1.4) na umbali wa sentimita 5 hadi 8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Uso ukiwa na vumbi la kukwaruza, rangi inakauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu, punguza shinikizo, au ongeza thina. Ikitawanyika kama miguu ya buibui, thina ni nyingi au umekaribia mno.

Usumbufu usiokwepeka ni rangi kukauka kwenye ncha ya sindano. Hewa inapita hapo kwa kasi na kuondoa maji muda wote. Funga hewa kila baada ya dakika chache na ufute ncha kwa pamba ya masikio iliyoloa thina, bila kungoja rangi ianze kutoka kwa vishindo. Tone 1 la kichelewesha (kimiminika cha kuchelewesha rangi kukauka) kwa matone 10 ya rangi hupunguza tatizo. Ukizidisha, modeli itanata kwa siku kadhaa. Na usidanganyike na neno maji kwenye lebo: ukungu huo ni plastiki na chembe za rangi, vaa barakoa ya kuchuja na ufungue madirisha.

Kosa moja linastahili onyo la pekee, nalo ni spiriti. Thina ya Tamiya X-20A imetengenezwa kwa rangi za Tamiya za vikopo na ina spiriti ndani yake. Ukiitia kwenye Model Color, rangi inaweza kuganda ikawa nyuzi za mpira, na ikiwa ndani ya bunduki utalazimika kuifungua vipande vyote ili kuisafisha. Unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine, suuza kwa maji katikati. Spiriti ya aisopropili iache kwa kazi inayoiweza: kuyeyusha rangi iliyokwisha kauka kwenye sindano.

Ngozi hii huwa kavu kwa mguso ndani ya dakika 20, ila ipe saa 24 kabla ya kubandika tepu. Ibandike kwanza mkononi ipunguze nguvu, na unapoitoa ikunje irudi juu ya mgongo wake badala ya kuivuta wima. Usitegemee msasa kulainisha makosa: rangi nyingi za kundi hili hujiviringisha kama mpira chini ya msasa badala ya kusagika. Chembe ya vumbi iondoe ikiwa mbichi kwa brashi yenye unyevu, au fumbia macho hadi hatua ya kuchafua modeli kwa makusudi ili ionekane imetumika.

Stika za maji (alama za kubandika zinazolowekwa kwanza) zinahitaji vanishi inayong'aa chini yake. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunasa kwenye vinyweleo na kuacha weupe chini ya filamu, na hakuna dawa ya kulainishia itakayouondoa wote. Vanishi hiyo hiyo hukinga rangi unapopitisha uchafu wa rangi ya mafuta juu yake.

Weka chupa zikiwa wima, mbali na jua na mbali na baridi ya kugandisha. Iliyoganda barafu ikayeyuka na kutoa vidonge kama maziwa yaliyokatika, gundi yake imeshikana ndani ya chupa. Kuichuja hutoa madonge, lakini kinachopita kwenye chujio hakitashika kwenye modeli.