Siga Haikai, Yalala: Nilivyotengeneza Kisahani cha Majivu cha Bati

Mkeka wa mzee ulikuwa na matundu saba. Niliyahesabu jioni moja kibarazani kwake, Mji wa Kale wa Mombasa, nilipokwenda kumpelekea kifuniko cha tangi la maji. Matundu madogo, meusi pembeni, yote upande mmoja wa meza yake ya kahawa. Mkeka wenyewe ni wa miyaa, aliusuka marehemu mkewe, na mzee hataki kusikia habari za kuubadilisha.

Mzee huyu alikuwa fundi mitambo wa meli. Huko safarini ndiko alikojifunza kuvuta siga, zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku, hazina karatasi wala kichungi. Siku hizi anavuta moja kwa juma, Jumamosi baada ya isha. Huiweka kwenye sosa ya kikombe, akianza kuzungumza huisahau, upepo ukija siga hubiringika hadi mkekani.

"Wewe si fundi bati?" akaniuliza. "Nitengezee kitu cha kuilaza hii."

Mimi sivuti, wala sipendi kuona mtu akivuta. Lakini ule mkeka ulinigusa. Nikamwambia, "Juma lijalo inshallah utakipata, mzee." Nilidhani ni kazi ya saa mbili. Karakana yetu iko Majengo, tunatengeneza masanduku ya wanafunzi, mifereji ya mvua, karai na majiko. Kisanduku kidogo kisicho na kifuniko kingenishinda nini?

Cha kwanza nilikikata kwa bati la mabaki, lile jembamba la kuezekea. Nikakunja kuta nne, nikakata mapengo manne juu ya ukingo, kama yale yaliyo kwenye visahani vya sigara za kawaida. Mzee akaweka siga yake kwenye pengo. Ikainuka upande mmoja, ikateleza, ikaanguka nje. Akaiweka tena, ikaanguka tena. Kisha akanionyesha jani la juu la siga, pale lilipogusa bati: lilikuwa limechanika. Ukingo wa bati jembamba ni kisu.

"Sigara huegemezwa," akaniambia. "Siga haikai, yalala. Hapa umeifanya kama chombo kilichopwelewa, chalalia ubavu."

Neno hilo ndilo lililonirudisha karakana. Nilikuwa nimetengeneza kisanduku halafu nikakitafutia siga pa kukaa. Ilinipasa kuanza na siga yenyewe, kisha kisanduku kiifuate.

Basi nikaomba kuipima. Sigara ya kawaida ina unene wa milimita 8 hivi. Siga ya mzee ilikuwa karibu 20, na urefu wake milimita 127, yaani inchi 5. Mzee akanieleza kwamba unene wa siga huhesabiwa kwa inchi iliyogawanywa sehemu 64. Yake ni namba 50, maana yake sehemu 50 kati ya 64, na ukipiga hesabu unapata milimita 19.8. Ziko nyembamba za namba 42, karibu milimita 16.7, na nene za namba 60, karibu 23.8. Watoto wake walio ng'ambo humletea za kila aina. Kwa hiyo kilalio kisichague.

Wazo la kwanza lilikuwa mfereji wa duara, kama nusu ya bomba. Lakini duara huikubali siga moja tu. Nene hukaa juu juu, nyembamba hucheza ndani. Nikakumbuka jinsi tunavyochora kitovu cha bomba karakana: tunalilaza ndani ya chuma cha pembe, na bomba la kipimo chochote hutulia lenyewe katikati. Umbo la V! Pembe ikiwa ya digrii 90, kitu cha duara hugusa kila upande kwa umbali ulio sawa na nusu ya unene wake, kutoka kwenye mkunjo wa chini. Siga ya milimita 24 itagusa milimita 12 kutoka chini. Nikaupa kila upande wa V milimita 18, ili ibaki nafasi. Ukanda wa bati wa upana wa milimita 36, ukikunjwa katikati, unalaza siga zote tatu. Tena siga inagusa mistari miwili tu, chini yake hewa inapita, na ukingo wenye makali hauifikii.

Furaha yangu ilikuwa kubwa, nikataka kila kitu kitoke katika bati moja: kuta nne, na ndimi mbili zitokezee juu ya kuta, zikunjwe kuingia ndani, kisha zikunjwe V. Nashukuru nilianza na karatasi ngumu ya boksi la viatu. Nilikunja mara tano, mara zote ilijikunyata na kuraruka palepale. Usiku nikaona sababu. Mstari wa kukunja ulimi kuingia ndani na mstari wa kuukunja V vilikuwa vinapishana. Bati haliwezi kukunjwa kwa mistari miwili inayokatana bila kuvutika au kupasuka. Karatasi ya bure ikanifundisha kitu ambacho bati lingenitoza.

Ndipo nikautenga ulimi, kipande mbali. Urefu milimita 70. Milimita 10 za mwisho nilizipasua kwenye mkunjo wa katikati, nikapata masikio mawili, moja kila upande, nikayakunja nje ili yalale bapa juu ya ukuta kwa ndani na kufungwa kwa ribiti, vile vipini vifupi vya kuunganishia bati. Ukuta wenyewe nikauchonga pengo la V juu yake, liungane na ulimi. Hivyo siga inapita juu ya ukuta, inalala kwenye ulimi, na moto unabaki ndani ya kisahani.

Kwa nini milimita 60 za kulalia, isiwe 45? Hili lilinichukua Jumapili nzima na kijiti cha ufagio nilichokikata kwa urefu wa siga. Moto lazima ukae hewani kupita ncha ya ulimi, angalau milimita 20. Ukilala juu ya bati, chuma kinanyonya joto na siga inazima kabla mwenyewe hajataka. Ulimi ukiwa wa 45, basi kutoka ukutani hadi motoni ni 65, na upande wa mdomo unabaki nje kwa 62. Uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu juu ya ukuta. Ukikigusa kidogo, kijiti kinaanguka nje. Ulimi wa 60 unaingiza 80 ndani na kuacha 47 nje. Kijiti kikatulia hata nilipoigonga meza kwa ngumi. Na kadiri siga inavyoungua, kwanza inazidi kuwa fupi, pili mwenyewe anaisogeza, kwa hiyo mwanzo ndio wenye hatari.

Ndimi mbili za 60 zikielekeana, siga zilizolala juu yake zingegusana, basi nikazipishanisha: moja karibu na kona ya kulia ya ukuta huu, nyingine karibu na kona ya kulia ya ukuta wa pili, ukihesabu kwa mtu aliyekaa upande huo. Kila mtu na pake, majivu katikati.

Bati nililochagua mara hii ni steinlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya milimita 0.8, kipande kilichosalia kwenye kazi ya jiko la hoteli. Mabati ya zinki niliyaacha. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, na sikutaka makaa ya siga yakae juu yake. Chuma cheusi hewa ya bahari ingekila kabla ya mwaka kwisha.

Meza ya mzee ina shimo la mraba, milimita 162 kila upande, kina kifupi, mahali palipokuwa na kigae kilichovunjika. Nilitaka kisahani kiketi humo ili upepo usikisogeze. Basi nje kiwe 160, kuta 35. Ukijumlisha 160 na 35 mara mbili unapata 230, na ndivyo nilivyokata. Kilitoka karibu 163, hakikuingia. Bati linapokunjwa huvutika kidogo kwenye mkunjo, kwa hiyo kila mkunjo unakurudishia kipimo. Kwa 0.8 nilipunguza milimita 1.4 kwa kila mkunjo wa digrii 90. Mikunjo miwili ni karibu 3, basi 227. Juu nikaongeza milimita 8 kila upande za pindo la kugeuzia nje, ili mkono usikatike, jumla 243. Pindo nililikatiza pale penye mapengo ya V, nikayapiga tupa mapengo hadi kidole kikapita bila kuhisi kitu.

Kwenye kona, pale mistari ya kukunja inapokutana, toboa tundu kwanza kabla ya kukunja, la sivyo bati linavimba. Nilitoboa la milimita 4, kumbe majivu laini yanapita humo na kudondoka mezani. Sasa natoboa 2.5.

Kukunja nilitumia nyundo ya mbao na vyuma viwili vya pembe ndani ya jiliwa, kile kibanio cha mezani. Steinlesi ina tabia ya kurudi. Ukiikunja 90 na kuiachia, inafunguka, hivyo niliipitisha hadi 92 au 93 ikatulia mahali pake. Katika kuitoboa usiwe na haraka. Drili izunguke polepole, mkono ukandamize, na mafuta yawepo. Ukiiacha drili isugue bila kukata, mahali pale panakuwa pagumu, na drili inashindwa kuingia.

Ribiti zilikuwa nane: nne za kona, nne za masikio ya ndimi. Nikatumia za aluminiamu, kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani, na nilijipa moyo kwa Pembe za Moi Avenue, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu juu ya barabara. Zile ni bati la aluminiamu, nazo zimesimama miaka na miaka katika hewa hii hii ya chumvi. Nikampelekea mzee. Akalaza siga, akaiacha, akanitazama, hakusema neno. Akaanza hadithi ndefu ya injini iliyowafia katikati ya bahari, akasahau siga kama kawaida yake, na siga ikazima yenyewe palepale ilipolala. Hivyo ndivyo siga inavyotakiwa kuzimwa, aliniambia baadaye. Haisagwi kama sigara, ukiisaga inanuka vibaya. Ndiyo maana kisahani hiki hakina mahali pa kusagia.

Msimu wa kusi ulipopita, pamoja na mvua zake, mzee akaniita. Kuzunguka vichwa vya ribiti kulikuwa na unga mweupe, na ribiti mbili zilikuwa zinacheza. Nilihuzunika kweli. Aluminiamu peke yake huivumilia chumvi. Lakini ikifungwa pamoja na steinlesi na kulowa maji ya chumvi, vyuma viwili tofauti vinakuwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ribiti ndogo, steinlesi kubwa kuizunguka, huo ndio mpangilio mbaya kuliko wote. Nilizing'oa zote nane, nikatafuta za steinlesi. Zinavunja mkono kuzifunga, lakini tangu hapo sijaona unga.

Upepo nao ulibaki na neno lake. Kuta za 35 zinaukinga kiasi, ila kusi ikivuma sawasawa inayazungusha majivu na kuyatoa nje. Mzee alijaribu maji kidogo chini, yakanuka. Tukaweka mchanga wa chembe kubwa, kina cha milimita 10, ambao haupiti kwenye tundu la kona. Usichote wa pwani hata ukiwa umeukaribia namna gani, una chumvi, utailia steinlesi yako chini taratibu. Wetu ni wa ujenzi, nauosha kwa maji baridi mara tatu na kuuanika juani.

Kwa sasa kisahani kina uzito wa gramu 350 hivi bila mchanga. Hoteli moja imeniagiza vinne kwa ajili ya eneo lake la kuvutia, maana tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 watu hawavuti popote wanapotaka. Hivyo vinne nimevipa ndimi za 65, kwa kuwa wageni wao huja na siga ndefu kuliko za mzee. Kigezo cha boksi la viatu, kile cha mwisho kilichokubali, nimekitundika ukutani juu ya jiliwa na vipimo vyake kwa kalamu.

Jumamosi iliyopita nilipita kibarazani baada ya isha. Siga ilikuwa imelala kwenye ulimi wa kulia, na jivu lake limefika urefu wa fundo la kidole. Tulikuwa tukizungumza lilipokatika lenyewe, likaanguka mchangani. Nikainama kuutazama mkeka. Matundu yalikuwa bado saba.