Kigimbi ni misuli miwili, na goti ndilo linaloitofautisha

Nyoosha magoti, kisha simama kwa ncha za vidole vya miguu. Kinachojitokeza nyuma ya mguu, chenye mfereji katikati, ni gastroknemia. Wengi wakitaja kigimbi wanamaanisha huo tu. Chini yake umelala msuli mwingine, bapa na mpana, uitwao soleasi. Hauonekani kwenye picha za jimu, ila ndio wenye nguvu zaidi kati ya hiyo miwili na ndio unaochoshwa zaidi na kutembea, kusimama na kukimbia. Ni rahisi mtu kufanyia mazoezi msuli wa juu na kuusahau wa ndani.

Gastroknemia ina vichwa viwili, na vyote huanzia juu ya goti, nyuma ya ncha ya chini ya mfupa wa paja. Kichwa cha upande wa ndani ni kikubwa na hushuka chini zaidi kuliko cha nje, jiangalie utaona. Soleasi huanzia chini ya goti, nyuma ya mfupa wa muundi na ule mwembamba wa pembeni yake. Mwishoni yote miwili hushikana na kuwa kano moja ya kisigino, yenye urefu wa sentimita 15 hivi. Kwa hiyo msuli wa juu unavuka viungo viwili, goti na kifundo cha mguu, lakini soleasi hauligusi goti kabisa. Shika hilo, kwa sababu mazoezi yote ya sehemu hii yanategemea tofauti hiyo.

Sasa tuingie ndani ya msuli wenyewe. Ukiukata utakuta mafungu, kila fungu limeviringishwa utando wake, na ndani ya fungu kuna nyuzi. Uzi mmoja ni seli moja, ndefu, yenye viini vingi, na unene wake hauzidi sana sehemu ya kumi ya milimita. Ndani ya uzi kuna vijiuzi vyembamba zaidi, na kila kijiuzi kimegawanyika katika vipande vidogo viitwavyo sakomia, karibu 450 katika kila milimita moja ya msuli uliotulia.

Sakomia ndiyo mashine yenyewe. Katikati kuna protini nene, miosini, na kutoka kila upande zinaingia protini nyembamba za aktini. Neva ikituma ishara, kalsiamu humwagika kutoka kwenye vifuko vilivyo ndani ya uzi, ikafungua sehemu za aktini ambazo vichwa vya miosini vinaweza kushika. Vichwa hushika, huvuta, huachia, hushika mbele zaidi. Hakuna protini inayofupika. Zinateleza tu, moja kando ya nyingine. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1954 na makundi mawili kwa wakati mmoja, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu.)

ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya seli, inahitajika hata katika kuachia. Ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo: ATP imekwisha na vichwa vya miosini vimebaki vimeng'ang'ania.

Nguvu ya sakomia inategemea urefu wake. Ikivutwa kupita kiasi, aktini na miosini zinakutana kidogo mno, vichwa vingi vinakosa cha kushika. Ikifupishwa mno, protini zinabanana na hakuna nafasi ya kuteleza. Sasa rudi kwenye goti. Ukilikunja, gastroknemia inalegea na kufupika kabla hata haijaanza kazi, sakomia zake zinakuwa mahali pabaya, na nguvu yake inashuka. Soleasi haujui kama goti limekunjwa au limenyooka. Kwa hiyo kuinua visigino magoti yakiwa yamenyooka kunaishughulisha misuli yote miwili. Kuviinua visigino huku magoti yamekunjwa kunauachia soleasi sehemu kubwa ya mzigo.

Tofauti nyingine ni aina ya nyuzi. Soleasi kwa watu wengi una nyuzi za polepole kwa asilimia 80 hivi au zaidi: zina mitokondria nyingi, yaani vile viwanda vya nishati ndani ya seli, zina damu ya kutosha, hazichoki haraka. Gastroknemia ni karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana inafaa kuruka na kuchomoka mbio. Hivyo marudio 8 ya haraka hayautoshi soleasi. Unataka mzigo mzito au muda mrefu, na mwendo wa taratibu.

Kipimo cha kuanzia: simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, vidole vya mkono vikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu, inua kisigino hadi juu kabisa kisha shusha. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kufika 25 hivi. Hesabu inakoma pale kisigino kisipofika tena kimo cha mwanzo, au goti linapoanza kujikunja kusaidia. Hapo ndipo watu hudanganya bila kujua.

Kwa kano ya kisigino inayouma katikati yake, utaratibu unaojulikana sana ni wa daktari Msweden Håkan Alfredson, wa mwaka 1998. Simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia, panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka taratibu kwa mguu unaouma peke yake. Seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka, na 3 za 15 likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Ni mengi, na wataalamu wa fiziotherapia siku hizi mara nyingi huyapunguza. Ila ikiwa maumivu yako chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa, usikishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, kwa sababu kano hubanwa dhidi ya mfupa na maumivu huzidi.

Maumivu yanayokuja kesho yake au keshokutwa baada ya kushuka mlima si asidi ya laktiki. Laktiki huondoka ndani ya saa moja hivi. Kushuka kunalazimisha msuli kurefuka huku ukikaza, na hapo baadhi ya sakomia huchanika; uchungu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Tembea polepole, utapona.

Kigimbi kikikaza usiku, vuta vidole vya mguu kuelekea muundi, goti likiwa limenyooka, na ushikilie mpaka kiachie. Kunyoosha kunatuma ishara ya kutuliza kutoka kwenye kano. Vidonge vya magnesi havijaonyesha faida ya maana kwa wazee wanaosumbuliwa usiku. Na kwinini, ambayo wengi tunaifahamu kwa malaria, isinywewe kwa ajili hii: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba inaweza kushusha vibaya chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na kuvuruga mapigo ya moyo.

Ukisikia kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu wakati wa kuchomoka mbio, kuna uwezekano wa mambo mawili: kichwa cha ndani cha gastroknemia kimechanika, au kano imekatika. Lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Unyayo ukisogea, kano huenda ni nzima. Usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiridhike kwamba bado unaweza kuusukuma unyayo chini kidogo, kwani misuli mingine midogo ya nyuma inaweza kukufanya uamini hivyo.

Na kuna kigimbi ambacho hakipaswi kukandwa kabisa. Ndani ya soleasi kuna vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na kila msuli unapokaza huzibana na kuisukuma damu juu. Ukikaa saa nyingi kwenye basi au ndege bila kusogeza kifundo, damu inatuama na inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma bila kujitegua, usipake dawa wala kuusugua. Tafuta kipimo cha ultrasaundi haraka. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.