Kwarara wa Cairo

Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi Cairo. Siku moja ya mapumziko nilikwenda jumba la makumbusho la Tahrir, nikapanda hadi chumba cha wanyama waliokaushwa. Nilifuata mamba. Kilichonisimamisha ni kifurushi kidogo kilichochongoka upande mmoja, kimezungushiwa vipande vya kitani, vyeusi na vya kahawia vikipishana kama ukili wa mkeka. Karibu yake palikuwa na sanamu ya ndege, mdomo umepinda kama mundu.

Nilimjua papo hapo. Kwarara! Yuleyule wetu wa Mwaloni, Mwanza, mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi, anayechokoachokoa tope karibu na kina mama wanaoanika dagaa. Utotoni tulimfukuza kwa mawe.

Kwa Wamisri wa kale huyu alikuwa ndege wa Thoth, mungu wa mwezi na maandishi. Moyo wa marehemu unapopimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, Thoth ndiye anayesimama na kalamu kuandika matokeo: mwili wa mtu, kichwa cha kwarara. Nikiutazama mdomo ule naona hilali na kalamu kwa pamoja. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema aliyemuua kwarara, hata bila kukusudia, alilipa kwa roho yake. Na bado mahujaji walimtolea Thoth nadhiri ya kwarara hawahawa waliokaushwa. Makaburi ya chini ya ardhi kule Saqqara yana mamilioni yao. Hilo linanitatiza mpaka leo.

Mzee aliyelinda chumba akaniona nimeganda pale.

"Umempenda, mwanangu?"

"Ami, huyu yuko kwetu. Hai."

Akatikisa kichwa. Hata hapa wapo, akasema, mashambani wamejaa. Nikamwuliza mdomo wao ukoje. Umenyooka, akajibu. Basi huyo ni yangeyange, nikamwambia. Kwarara alitoweka Misri karne ya 19.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Anatembeaje?"

Nikainama, nikakunja kidole, nikamwonyesha juu ya kiti chake: hatua mbili, anazamisha mdomo, anapapasa, hatua nyingine. Mzee akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone.